Alama Nyekundu ya Mbwa Wetu

Jana sokoni Karatu mama mmoja muuza shanga alifungua kopo lake, na harufu ya udongo mwekundu uliokorogwa na mafuta ya ng'ombe ikanisahaulisha nilikokuwa naelekea.

Nikakumbuka siku ile ya utotoni, baba aliponipa kamba ya ndama nimpeleke mbwa wetu kwenye josho la ng'ombe, akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa wa boma hajui kamba. Alilia na kujibwaga chini njia nzima, huruma ikanishinda, nikamfungua. Mbwa waliochanjwa walikuwa wanapakwa rangi nyekundu kichwani. Nikarudi kimyakimya, nikachota udongo mwekundu wa mafuta ambao mama hujipaka, nikampaka mbwa kichwani.

Mdogo wangu wa kike alimnusa, akacheka. "Mbwa ananukia kama mama!"

"Nyamaza wewe, ndiyo dawa yenyewe," nikamwambia.

Baba aliitazama alama, akaridhika. "Umefanya kazi ya mtu mzima."

Wiki chache baadaye mbwa huyo alimng'ata mdogo wangu mkononi bila kuchokozwa, akatokomea porini. Mama alitaka kumpeleka mtoto Endulen, hospitali.

"Ya nini?" baba alisema. "Si mbwa kachanjwa? Osha kidonda." Akanigeukia. "Ulimpeleka, au siyo?"

"Ndiyo, baba."

Kidonda kilipona. Kisha asubuhi moja mdogo wangu aliomba maji, nikamletea. Kikombe kilipokaribia mdomo, koo lilimkaza, akakisukuma huku akipiga kelele, akiyaogopa maji aliyoyaomba mwenyewe.

"Jaribu tena," mama aliniambia, "polepole."

Nikajaribu tena.