Karatasi za Mkate

Wiki jana, nikiwa kwa foleni ya kliniki huko Embu, mzee mmoja alimfokea nesi msichana aliyekuwa anatafuta glavu ndiyo amsafishe kidonda. "Kwani mimi ni mzoga?" Nikakumbuka mchana mmoja kwetu Ishiara, nikiwa mtoto.

Tata, dada ya baba, aliletwa na wilbaro, amejikata mguu na panga kwa shamba la ndengu. Damu ilinuka kama chuma iliyonyeshewa. Mama yangu alikuwa nesi, lakini badala ya kumshika, aliniambia, "Leta glavu kwa kikapu changu."

Cucu, mama ya baba, akapiga makofi. "Huyu ni mtoto wangu! Unamwonea kinyaa?"

"Mama, hata angekuwa askofu, ningevaa," mama yangu akamjibu.

Nilisikia aibu. Nilidhani Mama anachukia watu wa baba. Nikaingia ndani, nikasukuma glavu chini ya kitanda, nikarudi nikasema, "Zimeisha." Mungu anisamehe.

Mama akachukua karatasi mbili za mkate, zile za plastiki, akazivaa kwa mikono, akafunga ule mguu pole pole, karatasi zikilia kwacha kwacha, Cucu naye akimtukana. Hakuzivua mpaka akamaliza.

Siku hizi najua alikuwa anamlinda Tata, na sisi aliotupikia na mikono hiyo hiyo.

Kwa hivyo pale kliniki nilisimama. Boksi ya glavu ilikuwa juu ya kabati. Nikaishusha, nikamshikia yule msichana.

"Vaa, mwanangu. Zote mbili. Mzee atangoja."