Mustari wa Tatu

Nianze na upumbavu wangu, maana kila mtu kambini ana wake, ila wangu ulipata miguu ukatembea. Niliandika mistari mitatu ya kumcheka kaprali mmoja wa askari. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama hakuambiwa ni ya nani, na miye sikujitokeza.

Ilikuwa Jumatatu ya kawaida. Élisabethville ilinuka moshi wa tanuru za shaba, kama siku zote, na mama alikuwa kwenye lango la kambi ya wafanyakazi akikaanga mikate yake kwenye mafuta ya mawese. Yaya Silvestre, kaka yangu mkubwa, alipita na baiskeli, akachukua miwili ya moto, akanipiga kofi la kisogo, akaenda kazini tanuruni. Tangu baba afe, ni yeye aliyetulisha.

Shuleni, Mwalimu Bonifasi alikuwa na desturi ambayo darasa lingine halikuwa nayo. Kabla ya hesabu tulifumba macho, tukavuta pumzi tatu, halafu tukaandika mistari mitatu kwenye vibao. Pumzi moja, mustari mmoja. Kitu unachoona, kitu unachosikia, kitu kilicho mwilini mwako. Kisha unafuta. Mwalimu alijifunza hayo peke yake ujanani, alipobeba mizigo ya askari mpaka Tabora katika vita vile vya kwanza vya Wazungu. Karatasi hakuwa nayo. Aliandika kwenye udongo kwa kidole huku mizinga ikilia, ili akili isikimbie ikamwacha pale. Sisi tulimwona mzee aliyerukwa kidogo na akili.

"Rafaeli, unacheka nini?"

"Hapana, Mwalimu. Niko napumua tu."

"Pumua na kinywa ya kufunga."

Siku ile nilipofumbua macho, nje ya dirisha alisimama kaprali wa askari walioletwa kulinda kambi. Watu wa tanuru walikuwa wamesema wataacha kazi mpaka mshahara uongezwe, maana tangu vita vipya vianze kule Ulaya, bei ya unga ilikuwa haishikiki. Kaprali alikuwa akila mukate wa mama. Kila asubuhi alikula. Nikaandika:

Kaprali iko na bunduki ku mukono.
Iko na mukate mu kinywa.
Akipiga, itatoka unga.

Mwalimu alisoma. Pembe moja ya mdomo wake ilicheza, nikajua nimempata.

"Mustari ya kwanza, umeiona. Ya pili, umeiona. Ya tatu uliiona wapi?"

"Nitaiona, Mwalimu."

"Andika kile iko. Hapana kile unataka. Futa."

Nilifuta. Lakini Kalisti, jirani yangu wa benchi, mwenye sauti kama kengele ya kanisa, alikuwa ameshaishika kichwani. Saa ya mapumziko akaitungia wimbo. Jioni watoto wote wa kambi waliimba. Siku ya tatu, watu wa tanuru wenyewe. Yaya Silvestre aliuimba akinawa uso.

"Ule aliandika hii," alisema, "iko na kichwa!"

Nilivimba kwa raha, lakini sikumwambia. Nilitaka kwanza wimbo ufike mbali zaidi.

Watu waliacha kazi. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mupira, wakaketi kwenye nyasi. Akina mama walileta maji. Sisi vijana tulipanda ukuta. Askari walijipanga safu moja, na kaprali alikuwa wa nne kutoka kushoto.

Wimbo ulianzia nyuma, ukaja mbele. "Itatoka unga! Itatoka unga!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Wangemwogopaje mtu aliyekula kwao kila asubuhi?

Silvestre alisimama. Alikwenda mbele akifungua vifungo vya shati.

"Kaprali! Leo haukule?"

Kaprali aliangalia viatu vyake.

Amri ilitoka kwa Kifaransa, bunduki zikalia.

Silvestre aliketi chini kama mtu aliyechoka.

Nilicheka.

Nyumbani kwetu mizaha ilikuwa yangu na yake. Nilidhani anafanya wake. Nilingoja asimame. Kalisti alinivuta kutoka ukutani tukaanguka pamoja, na nilikuwa bado nacheka wakati wengine wanakimbia juu ya walioanguka.

Maiti zilibebwa na lori. Ya kwetu hatukupewa. Mpaka leo hatujui shimo lake.

Shule ilipofunguliwa tena, Mwalimu alisimama mbele yetu. Alisema tu, "Mistari mitatu." Hakuna aliyecheka, hata miye. Niliandika:

Baiskeli ya yaya iko ku ukuta.
Kuko muntu anapumua.
Ni miye.

Alisoma, akabaki amesimama kando yangu. Hakuniambia nifute.

Imepita miaka miwili na kitu. Naandika kila asubuhi, hata Jumapili, kwenye makaratasi ya kufungia sukari. Siku nyingine inasaidia: moyo unashuka, mikono inatulia, naona kikombe ni kikombe. Siku nyingine mustari wa tatu unafika kabla ya wa kwanza, na ni yaya anafungua vifungo.

Mizaha sijaacha. Wiki jana nilimwiga mupadri akipiga chafya katikati ya misa, nikachapwa. Lakini kuna swali halinitoki. Najua wangepiga hata bila wimbo. Askari walikuja na risasi, hawakuja na masikio. Hilo nalikubali. Ila yeye, bila wimbo, angesimama?

Jumamosi iliyopita nilimwambia mama. Alikuwa akigeuza mikate. Nilisema yote: kibao, Kalisti, kule kuvimba kwangu. Nilisema kama si miye, yaya angebaki ameketi na wenzake. Alitoa mikate kwenye mafuta mmoja mmoja mpaka karai ikabaki tupu, akaitua chini, akafuta mikono kwenye kitenge.

"Nilijuaka zamani, mwana wangu," alisema. "Na miye siku ile niliimbaka, na sauti yote."