Ndoa ya Furaha kwenye muchanga wa kijito

Ninyi vijana mutakaosoma haya, na zaidi ninyi munaotaka kuoana inje, kwenye majani, chini ya mbingu wazi, kaeni kwanza. Siandiki ili niwakatalie. Ndoa ya inje ni nzuri. Hewa iko, watoto wanakimbia, hakuna anayesukumana mulangoni. Minye mwenyewe nilipanga moja, ya mudogo wangu Furaha, na nusura nimuue muzee wa watu.

Nakumbuka siku ile kuanzia miguuni. Muchanga wa kijito chetu pale Nyakabere ulikuwa baridi, kwa sababu nilivua viatu asubuhi na mapema nikaufagia wote. Ndiyo, nilifagia muchanga wa kijito. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeolewa mwaka mumoja tu, baba yetu ameshakufa, na mama alikuwa amesema mbele ya ukoo kwamba ndoa ya Furaha iko mikononi mwangu. Muntu wa umri ule akipewa ukubwa, anafagia hata pasipohitaji ufagio.

Mutaniuliza, juu ya nini kwenye kijito? Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, ilikuwa ndogo na imejaa mihogo. Kijito nacho, miezi ya jua, maji yake yanakimbilia upande mumoja, yanabaki membamba ya kunawia mikono, na yanaacha uwanja mupana, mweupe, laini. Migazi, ile michikichi yetu, imesimama kwenye ukingo na kuutia kivuli. Wageni wetu walikuwa watu wa Kalundu, wavuvi, na nilijiambia kwamba muvuvi hawezi kuchukia muchanga.

Tulikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zinatafuta njia. Kwa hiyo mvua niliiogopa, na nikajipanga. Mume wangu alikuwa anabeba mizigo bandarini, akaazima bashi nne, yale maturubai mazito wanayofunikia mizigo ya maboti. Tulizifunga kwenye nguzo, moja imekanyaga nyingine, mpaka usingepata tundu la kupitisha kidole. Mwanangu, nilizunguka chini ya zile bashi kama muntu aliyejenga kanisa.

Heshima ya wakwe niliitunza pia. Niliwawekea viti katikati kabisa, karibu na maji, fasi ya baridi, mahali pazuri kuliko pote. Muzee Lukaba, babu ya bwana arusi, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha na aliletwa juu ya kinga, yaani baiskeli, nilimutafutia fotei, kiti kikubwa cha kuegemea. Kijiji kizima kilikuwa na fotei moja, ya mwalimu. Niliiweka chini kuliko viti vyote, mahali upepo unapita.

Wa kwanza kuniharibia furaha alikuwa Koko Nabintu (kwetu bibi na babu wote ni koko), mama muzee aliyekuwa anatupikia kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwenye ndoa zote za kwetu. Alifika na wanawake wawili, mitungi kichwani, akasimama juu ya ukingo.

"Shuka, Koko," nikamuambia. "Weka huku karibu na wakwe."

"Mitungi yangu haishuki kwenye njia ya maji."

"Maji gani? Si ile pale, haifiki hata ku kifundo cha muguu? Na mvua ikikuya, bashi iko."

"Bashi inazuiaka maji ya juu. Minye sikusema ya juu."

Wale wanawake wakacheka. Mumoja akasema, "Koko anaogopa kupanda tena na mitungi mitupu, atakuwa amelewa!"

Koko aliangalia upande wa milima, na minye nikaangalia. Kule juu kabisa kulikuwa na wingu jeusi limelala juu ya mulima kama ng'ombe. Lilikuwa pale tangu asubuhi. Nikasema, "Ile iko mbali," nikarudi kunyoosha vitambaa vya meza.

Kwa ninyi munaokaa mbali na milima yetu, nieleze. Kwetu kwenye bonde mvua inaweza kunyesha mulimani peke yake, na huku chini watu wanaanika mihogo kwenye jua kali. Maji ya kule yanakaa saa moja, saa mbili, yanajikusanya, halafu yanashuka yote kwa mara moja, na mawe na miti ndani yake. Kila mutoto wa Nyakabere anajua. Minye pia nilijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu kama nisingejua ningepata la kujitetea. Nilijua, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kimejaa bashi, na macho yangu yanaangalia juu tu.

Muchana tukatoka kanisani. Jua lilikuwa linachoma. Furaha aliketi, macho chini, kimya, vile bibi arusi wa kwetu anavyotakiwa kukaa mpaka mangaribi, bila kucheka na muntu. Wakwe wakaanza kula: bugali, sombe ya majani ya mihogo, na beseni kubwa la mukeke, samaki waliyoileta wenyewe kutoka ziwani. Wakanisifu. "Huyu mukubwa wa bibi arusi anajua kupokea watu!" Minye nikatazama bashi zangu na kuona hata tone moja halijaanguka.

Koko Nabintu alikuwa ameshuka kuosha vibuyu vyake. Nikamuona anakuja kwangu polepole, mikono inachuruzika maji. Alininong'oneza.

"Mwanangu, maji imebadilika rangi. Iko nyekundu, na majani ya mulimani ndani. Inua watu."

"Koko, wakwe wanakula."

"Inua watu na sahani zao."

"Ngoja wanawe mikono tu. Unataka waseme tumewafukuza na chakula mudomoni? Kalundu watatuimba!"

Ninyi mumezaliwa juzi, mutaona ni ujinga. Lakini kwetu wakwe wakikaa kula kwenu kwa mara ya kwanza, hakuna anayewainua. Hata nyumba ikianza kuvuja, unasogeza sufuria chini ya tundu na unanyamaza. Nilifundishwa hivyo, na siku ile nilikuwa nataka waone kwamba nimefundishwa.

Koko Nabintu hakubishana nami. Alienda katikati ya wakwe, akapiga magoti vizuri, akawasalimu, halafu akanyanyua lile beseni la mukeke, akaliweka kichwani na kuanza kupanda ukingo.

"Eee! Yule koko anaenda wapi na samaki?"

"Tumeileta siye wenyewe toka ziwani!"

"Koko! Weye koko! Mukeke haiishi mulimani!"

Wengine wakacheka, wengine wakakasirika, lakini wote wakasimama na kumufuata samaki wao, na wa kwetu wakafuata kuona ugomvi. Walipofika juu ya ukingo ndipo wakasikia. Mulio ulikuwa kama lori lililojaa mawe linapita mbali. Mama mumoja akaita jina la mutoto wake, na wote wakaanza kuita majina. Nilikimbia huku na huku kuvuta mikono waliobaki chini. Kwa muda wa kusali Baba Yetu mara moja, uwanja ulikuwa mutupu.

Isipokuwa fotei.

Muzee Lukaba alikuwa ameketi palepale, fimbo mukononi, hasira usoni. Wajukuu wake wawili walikuwa wanajaribu kuinua fotei, nayo imezama muguu mumoja ndani ya muchanga, na kila mukono ulipomugusa aliupiga fimbo.

"Minye nimezeekea juu ya ziwa! Nimelala mu mitumbwi, mawimbi inanipitia huku na huku. Leo kamuto ka kunawia mikono njo kananifukuza ku fete ya mujukuu wangu? Rudisheni samaki hapa!"

Wale vijana waliogopa kumubeba muzee wao kwa nguvu mbele ya watu, kama minye nilivyoogopa kuwainua wakwe. Haya ilikuwa imetufunga wote. Na mulio ulikuwa unakaribia.

Ndipo Furaha, aliyekuwa ameketi kati ya wanawake juu ya ukingo, aliposimama. Alivua viatu, akakunja ile gauni nyeupe na kuikaza kiunoni kwa kikwembe, akateremka. Alichuchumaa mbele ya Muzee Lukaba, akamupa mugongo, vile mama anavyomungoja mutoto apande.

"Panda, Koko. Sitaki ndoa yangu ianze na kilio."

Muzee anaweza kuwakatalia wajukuu wake mpaka kesho yake. Lakini bibi arusi akiinama mbele yako siku ya ndoa, ukimukatalia, umemukataa yeye na ukoo wake wote. Muzee Lukaba alimuangalia yule binti, akaangusha fimbo, akapanda. Furaha akatembea, minye nasukuma kwa nyuma, wale vijana wametangulia, wanatuvuta kutoka juu. Tulikuwa tumekanyaga majani ya ukingo wakati maji yalipofika. Yalichukua fotei ya mwalimu, viti, nguzo, na bashi tatu kati ya nne. Na mbingu juu yetu ilikuwa ya buluu, safi.

Shangazi ya bwana arusi akaanza kukusanya vitu vyake, anasema kwa sauti ili tusikie: "Hii ni alama mbaya. Bibi arusi anasema mbele ya watu, miguu wazi, vyombo vimeenda na maji. Turudi nyumbani, tukafikiri vizuri." Wengine wakaanza kukunja vikwembe. Mama yangu alikaa chini. Nilimuangalia Furaha, matope mpaka magotini, na macho yake yalikuwa tena chini.

Muzee Lukaba alikuwa ameketi kwenye majani. Akasema, "Nyamazeni. Huyu muke amenibeba mugongoni. Basi minye ni mutoto wake. Nani kati yenu anataka kumurudisha mama yangu kwao?"

Muntu mumoja akapasuka kucheka, na muzee akamaliza: "Na ile samaki iko wapi? Mama, mutoto wako hajashiba."

Walikula wamesimama, chini ya migazi, na cha kunywa kilikuwa kilekile Koko Nabintu alichokuwa amekiacha juu.

Kabla jua halijazama, Koko aliniita pembeni. Nilifikiri atanipongeza kwa kusukuma.

"Sikulaumu bashi zako," akasema. "Muntu anayeogopa mvua iko na akili. Lakini uliniambia ningoje wanawe mikono. Kama ule muzee angekufa, ungewaambia Kalundu nini? Kwamba alikufa ameshiba?"

Mpaka leo, nimezeeka kumupita yeye, jibu sinalo. Mume wangu alirudi bandarini na bashi moja begani, na maneno aliyoambiwa huko hakunieleza hata siku moja.

Sasa wewe, mwanangu, unayeshika daftari la komite ya ndoa. Nitakuambia wazi.

Hali ya hewa ya ndoa yako haiko juu ya kichwa chako tu. Ile telefone inakuonyesha kajua kadogo ka manjano, na kajua kale ni ka mujini. Piga simu kwa muntu anayekaa mulimani, usiku wa kuamkia siku ile na asubuhi yenyewe, umuulize: kumenyesha huko? Siku hizi miti ya kule imekatwa na nyumba zimejaa kando ya kila kijito, na maji yanashuka mbio kuliko wakati wangu.

Fasi ya ndoa usimuulize anayeikodisha. Muulize mama anayefulia nguo pale. Yeye anajua maji yalifika wapi mwaka uliopita, na atakuonyesha kwa kidole. Wazee usiwaweke fasi ya baridi, uwaweke fasi ya kutokea haraka. Chakula kikae upande wa juu, maana watu wanakifuata hata wakikukasirikia. Na paa la kukimbilia, iwe kanisa, iwe darasa, uliombe mapema ukiwa mukavu, usiende kugonga mulango na wageni mia moja wamelowa.

Halafu chagua muntu mumoja wa kuinua watu. Mumoja. Mutajie jina lake muchungaji, watu wa protokoli wanaokalisha wageni, na ukoo wa pande mbili: huyu akisema tuinuke, tunainuka, hata pete ikiwa nusu ya kidole. Asiwe muntu wa kupenda kusifiwa. Minye nilikuwa muntu huyo na niliharibu. Mukwe aliyeinuliwa na sahani yake atanuna siku mbili, halafu atazoea. Kwa muzee aliyeachwa chini, hakuna siku za kuzoea.

Mungu awape siku kavu. Asipowapa, awape fasi ya juu, na muntu wa kusema ukweli kabla ya sahani kwisha. Aweke watoto katika nyumba zenu, na wazee wenu wawaone watoto hao.

Mujukuu wangu Neema, wa Nyamianda, anaolewa mwezi ujao. Wiki iliyopita komite yake ilikuja kunionyesha foto za fasi waliyochagua, pale chini, muto unapoingia ziwani. Vitambaa vyeupe, mawe yamepangwa vizuri, na nguzo zimeshasimamishwa. Nilitazama foto zote mpaka mwisho. Nikauliza jina la mama anayefulia pale, na hakuna aliyelijua. Basi nikawaambia wote waliokuwa ndani ya nyumba yangu, na bwana arusi pamoja nao:

"Kesho, kabla ya chai, munaenda kung'oa zile nguzo. Zote. Asiyeng'oa, hanywi."