Aliyeokota Ndiye Anayeanzisha

Viongozi wa klabu ile ya tenisi iliyo mlimani, juu ya ziwa, walimwita Dorotea Mayala "mwalimu" pale tu walipomhitaji. Siku nyingine zote alikuwa "yule mama wa watoto wa nyuma." Wa nyuma, kwa sababu uwanja walioruhusiwa kufanyia mazoezi ulikuwa nyuma ya jengo, ukutani mwa jiko, sakafu imepasuka na majani yameota kwenye nyufa. Wanachama walikwisha kuutelekeza. Dorotea aling'oa majani. Akaziba nyufa kwa udongo wa kichuguu uliolowekwa na kupondwa. Akashona wavu kutokana na nyavu chakavu za sato alizoomba kwa wavuvi wa Igogo, mtaa anakoishi na kushona nguo za watu. Hivyo ndivyo ilivyoanza akademi yake ya tenisi ya watoto, na wanachama walipoona uwanja umefufuka, walianza kusema ni mzuri kumbe.

Aliijua klabu hiyo tangu utotoni. Alizaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, akaletwa Mwanza kulelewa na shangazi yake aliyekuwa mpishi wa hapo. Jioni alifagia uwanja mkubwa, kisha akasimama pembeni akiwaokotea wakubwa mipira. Mpira unatoka, anakimbia. Anaurudisha, anasimama. Mchezo wote aliujifunza kwa macho. Siku moja wachezaji walipokwenda kunywa maji, alichukua raketi iliyoachwa kwenye benchi akaupiga mpira mmoja, mmoja tu, nao ukavuka wavu kama ndege anayejua kwao. Mzee mmoja akamnyang'anya raketi. Hakumpiga wala hakupaza sauti.

"Wewe okota tu," alimwambia.

Kofi lingeisha. Maneno hayo yalikaa naye kwenye ndoa, kwenye uzazi, kwenye cherehani, mpaka akaota mvi.

Sasa, uwanja ule wa nyuma umekaa juu ya mawe makubwa, haya mawe ya Mwanza yaliyopandiana hadi majini. Mpira ukitoka unaingia kati ya mawe, kwenye miiba na mijusi. Siku za mwanzo hakuna aliyetaka kuufuata. Wavulana waliwatuma wasichana, wenye viatu wakawatuma wasio na viatu. Jioni moja Selina, mdogo kuliko wote, alipanda kutoka kwenye mawe na mikwaruzo miguuni, akamkabidhi Yeremia mpira, akarudi pembeni kusimama. Dorotea aliona jinsi alivyosimama. Akasimamisha mazoezi.

"Nani kamtuma huyu?"

"Mimi, Mwalimu," Yeremia akasema. "Si ndiye mdogo?"

"Na akishaokota, nani anacheza?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

Dorotea akauchukua mpira, akaurudisha mkononi mwa Selina.

"Basi sikilizeni," Dorotea akasema. "Kuanzia leo hapa hatumwokotei mtu. Aliyeokota ndiye anayeanzisha. Awe mdogo, awe mkubwa, awe mimi. Anachukua raketi, anasimama kwenye mstari, anaanzisha."

Kanuni hiyo iligeuza kila kitu. Mpira ukitoka, watoto wote walikuwa wanautimkia. "Ngosha, mwanaume wee, umeupiga mpaka Ukerewe!" walimzomea Yeremia, huku wanateleza kwenye mawe kwa makalio, kila mmoja akitaka kuushika yeye. Wazazi waliokuja Jumamosi kuponda udongo nao walifuata kanuni hiyohiyo. Hata Maniben, mjane mwenye duka la vitambaa, rafiki wa Dorotea wa miaka mingi, siku moja aliuinamia mpira uliogonga kiti chake, akashangaa kuona uwanja mzima umenyamaza.

"Mnaniangalia nini? Chukueni mpira wenu."

"Anzisha, Bibi!"

"Na sari hii?"

"Na sari hiyohiyo!"

Akaanzisha. Mpira uligonga wavu, nao wakampigia makofi mpaka akaona haya.

Kisha ikaja sherehe ya klabu. Katibu, Bwana Venant, alimfuata Dorotea hadi kwenye cherehani yake, anatabasamu.

"Shikamoo, mwalimu wetu."

"Marahaba."

"Mwalimu, Jumamosi tuna wageni wakubwa. Tunataka watoto wako nao wawepo. Uwanja mkubwa, mwalimu, siyo kule nyuma."

"Uwanja mkubwa?"

"Mbele ya watu wote. Wavae vizuri tu."

Dorotea hakuuliza zaidi. Nani angeuliza? Alishona mashati meupe kwa vitambaa alivyopewa na Maniben. Wazazi waliazima viatu kwa majirani. Jumamosi hiyo watoto walipanda mlima wakitembea kwa uangalifu wasije wakachafuka, kila mmoja na raketi yake kifuani.

Venant aliwapokea getini na kuwaambia waweke raketi chini ya mti. Halafu akaanza kuwapanga: wawili kwenye wavu, wengine kwenye pembe.

"Wanapangwa wafanye nini?" Dorotea akauliza.

"Si wanaokota mipira? Wageni watacheza."

"Bwana Venant, hawa ni wachezaji."

"Mama, tafadhali." "Mwalimu" alikuwa ameshapotea, sasa alikuwa "mama" tena. "Leo waokote tu. Wakituharibia shughuli, ule uwanja wa nyuma msahau. Kuna watu wanautaka kwa maegesho."

Waokote tu. Aliyasema kirahisi, kama mtu anayeagiza soda. Dorotea aliwatazama watoto wake. Wao hawakuwa wamesikia. Walisimama wima kwenye pembe zao na mashati meupe, wanang'aa kwa furaha, wakidhani zamu yao inakuja. Aliufikiria udongo ule, jinsi akina mama walivyoubeba kichwani kutoka Buswelu. Hasira ilimpanda, akaimeza. Alimeza kwa ajili ya uwanja, na hakupata kumeza kitu kichungu namna ile.

Mchezo ukaanza. Kijana mmoja mgeni, Karan, alipiga mpira ukatoka nje, ukabiringika hadi kwa Selina. Selina akauokota. Na kwa kuwa hajawahi kufundishwa namna nyingine, alikimbia chini ya mti, akachukua raketi yake, akaja akasimama kwenye mstari wa nyuma, mbele ya mgeni mnene aliyekuwa akijifuta jasho.

"Samahani, baba," alimwambia. "Nimeokota mimi."

Watu wakacheka. Selina hakucheka. Aliurusha mpira juu, akaupiga, ukavuka wavu. Karan alishtuka, akaurudisha polepole, Selina akaupiga tena, na Karan safari hii akaufukuza kwa bidii asiufikie.

"We mtoto!" Venant alikuwa ameingia uwanjani. Alimshika Selina mkono akamvuta pembeni, raketi ikaanguka. "Umeambiwa uokote! Okota tu!"

Kicheko kikakatika. Selina alimtazama Dorotea, akisubiri kuambiwa amekosea wapi.

Mpira ulikuwa umebiringika hadi miguuni mwa Dorotea.

Aliuinamia. Watoto wote, kwenye pembe zao, walimwona akiinama, na wote walijua kinachofuata. Akavua kandambili. Akaenda taratibu hadi alipokuwa Venant, akauondoa mkono wa bwana huyo kwenye mkono wa mtoto, akaokota raketi.

"Mama, nakuonya. Uwanja—"

"Uchukue," Dorotea akasema. "Egesheni magari. Udongo nitauponda mwingine. Mtoto huyu nikimwambia leo kwamba amekosea, hatasimama wima tena."

Akasimama kwenye mstari ambao utotoni alikuwa akiufagia. Akaanzisha.

Jumatatu walikuta kufuli jipya kwenye geti la uwanja wa nyuma. Wavu wao ulitupwa nje, umekunjwakunjwa kama takataka, na ndani tayari palikuwa na gari juu ya udongo wao. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyetoka kusema neno, na baadhi yao walikuwa wamempigia makofi Jumamosi alipoanzisha. Dorotea aliukung'uta wavu, akauweka begani.

Siku hizi wako Buswelu, kwenye kiwanja ambako marehemu mume wa Maniben alitaka kujenga ghala. Hakijasawazika vizuri. Upande mmoja umeinama, na mpira ukitoka unashuka bondeni kwenye mashamba ya mihogo. Jumamosi iliyopita Karan alifika kuwatazama, akaombwa acheze. Mpira wa kwanza tu aliupeleka bondeni. Akageuka huku na huku, kwa mazoea, kutafuta mtu wa kumwokotea.

Hakukuwa na mtu pembeni. Watoto walikuwa wameshashuka wote mihogoni, wanasukumana, na Selina ndiye aliyekuwa mbele.