Mikebe Sita ya Salvacion Tupas

Salvacion Tupas, ambaye mji mzima wa Iloilo, huku Ufilipino, tulimwita Manang Bation, yaani dada mkubwa, alichoka kabla hajazeeka. Kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyechagua filamu za Sine Lirio, jumba letu la sinema lenye viti mia tatu, nami nikiuza tiketi mlangoni. Kwingine walionyesha filamu mpya za ng'ambo. Yeye alionyesha za kwetu, zile zilizosahauliwa. Na kila Juni alitenga wiki nzima kwa filamu za watu kama yeye: wanawake waliopenda wanawake, wanaume waliopenda wanaume. Kila Juni hakukosekana mtu wa kuchana mabango. Bation alibandika mengine bila kugombana na mtu, kama anayefagia majani ya mti usiokoma kupukutika.

Filamu moja ilimnyima raha. Ilitengenezwa hapa hapa mjini, kwa lugha yetu, yeye akiwa na miaka ishirini na miwili. Ni habari ya fundi cherehani na muuza supu, wanaume wawili wanaopendana, na hakuna anayekufa. Ilionyeshwa siku tisa, ikatoweka.

"Nilitoka pale nikijua kumbe naweza kuzeeka," aliwahi kuniambia.

Aliitafuta miaka kumi na mmoja. Aliandika barua, akavuka bahari kwenda mji wa Bacolod mara nne, mpaka mpwa wa mwongozaji alipokumbuka mikebe sita ya bati iliyokuwa chini ya ngazi za nyumba yao. Kwa furaha Bation alibandika mabango hata kabla ya kuifungua. Hapo ndipo alipokosea.

Ambo, fundi wetu wa mtambo, alipofungua mkebe wa kwanza alirudi nyuma akiziba pua. Harufu ya siki ilijaa chumbani.

"Manang, umetuletea filamu au achari?"

Bation hakucheka. Alitazama mikebe ikifunguliwa mmoja mmoja. Mitano ilikuwa imeoza, mikanda imeshikana kama gundi. Wa nne pekee ndio uliokuwa na uhai: dakika kumi na nane, nao umesinyaa. Aliukagua kwa taa, kisha akaenda saluni kwa Delfin Jamandre. Delfin ndiye aliyeigiza muuza supu. Isagani, aliyeigiza fundi cherehani, alikwenda Jeddah kutafuta kazi akafia huko.

"Shoga yangu, uso huo wa nini? Nani kafa?"

"Filamu imeoza."

Delfin aliweka mkasi chini. "Yote?"

"Zimebaki dakika kumi na nane."

"Mimi nimo?"

"Umo. Unakaanga samaki."

Alicheka hadi machozi. "Miaka arobaini nawatambia watu nilivyokuwa mrembo, leo ushahidi wenyewe nanuka shombo! Na Isagani?"

"Anaingia kalowa mvua. Unamfuta nywele."

Hapo kicheko kikamwisha. "Basi onyesha hiyo hiyo," alisema.

Jumamosi mchana walikuja watu arobaini na mmoja. Bation alisimama mbele, akasema ukweli, akaomba radhi. Taa zikazimwa. Samaki wakakaangwa, mvua ikanyesha, na Delfin kijana akamfuta Isagani nywele polepole, kama watu wasiongojwa popote. Kisha skrini ikawa nyeupe.

"Halafu?" mwalimu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Halafu tukala," Delfin akajibu bila kugeuka. Watu wakacheka. Yeye akasema, "Bation, irudie."

Ambo akatoa kichwa kwenye dirisha la chumba cha mtambo. "Haiwezekani, kaka! Tumeahidi kuupeleka mkanda Manila ukanakiliwe. Ukikatika, watanakili nini?"

"Sina picha ya Isagani hata moja," Delfin akasema.

Sote tukamtazama Bation.

"Rudia, Ambo. Lawama nipe mimi."

Mkanda ulikatika dakika ya kumi na nne. Ambo akauunga, kipande cha urefu wa kiganja kikapotea. Delfin alikuwa amehamia safu ya mbele kabisa. Bation hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amelala kwenye kiti cha pembeni, mdomo wazi, viatu kavivua. Rosing, mwanamke aliyeishi naye kwa miaka thelathini, alikuwa amekuja kumchukua, akatukataza kumwamsha.

Nakala ilirudi kutoka Manila baada ya mwaka, pungufu ya kile kiganja. Delfin aliiona mara mbili kabla moyo wake haujasimama. Bation alihimili Juni mbili zaidi, kisha magoti yakaikataa ngazi ya kupanda chumba cha mtambo, akaniachia mimi kazi ya kuchagua. Aliponikabidhi funguo nilitazamia wosia.

"Paa linavuja upande wa kushoto," alisema, akaenda kumsubiri Rosing kivulini.