Mama Alikataa Picha

Kiwandani walimwita Pua. Kazi yake ilikuwa kuonja pombe kabla haijatiwa kwenye chupa, na mwenye kiwanda, mjomba wake, hakuruhusu pipa lolote litoke kabla Pua hajalipitisha.

Siku hiyo mjomba alimwekea glasi ya jini mpya. Viungo vyote vimelimwa bila dawa, alisema, na mapishi ni ya ukoo. Pua alinusa, akaongeza maji kidogo, akanusa tena. Mreteni, tunda linaloipa jini harufu yake, ulitangulia, kama kwenye jini yoyote. Nyuma yake ukaja mchaichai, kisha ganda la limau lililokaushwa kivulini. Akaizungusha mdomoni. Kwa kawaida hutema. Safari hii alijikuta ameimeza.

"Vipi?"

"Nzuri. Haikwaruzi koo, na harufu haikimbii. Lakini mjomba, hii ni ya mama."

"Ndiyo maana nataka picha yake kwenye chupa."

Mama yake alikuwa akipika pombe uani, na kwa pombe hiyo akawasomesha Pua na ndugu zake. Mara ya mwisho alipokamatwa, alifungwa. Akiwa gerezani kitindamimba wake akaugua homa ya uti wa mgongo, akafa. Hakuruhusiwa kwenda kumzika.

Pua alimpelekea jini kidogo kwenye kichupa cha dawa. Mama, macho yameshaingia ukungu, alichovya kidole akakilamba.

"Wameipatia," alisema. "Na hawa hawakamatwi?"

"Wana kibali, mama. Mjomba anaomba picha yako."

"Mwambie kaka yangu aache utani. Siku nilipochukuliwa, yeye ndiye aliyewaonyesha polisi sufuria zilipo."

Hilo Pua hakuwa amewahi kuambiwa.

Kesho yake alimuuliza mjomba ana kwa ana. Mjomba hakukana. "Walinitisha, mwanangu. Ningefanyaje?" Kisha akauliza kama mama amekubali.

Chupa zilipotoka zilikuwa na picha ya babu, yule aliyemfukuza mama nyumbani kwa sababu ya pombe hiyohiyo. Pua alimpelekea mama chupa moja.

"Wameandika nini?" mama aliuliza.

Pua akamsomea: mapishi ya babu, urithi wa ukoo wetu. Hakuruka neno. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akaomba asaidiwe kulala, akageukia ukutani.