Ngoma Tuliyoinyamazisha

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka viganja vyangu hutoka jasho. Nilikuwa nimeketi katika ukumbi wa parokia, hapa Kisangani, nikitazama ujana wangu mwenyewe ukichezwa na watoto wa watu.

Wewe hukunijua nikiwa msichana. Tulikuwa watatu: mimi Zaina, Béa ambaye siku hizi anaishi Ulaya, na Feza. Tuliimba, na mji ukatuita Sauti Tatu. Mazoezi tulifanyia nyuma ya nyumba ya kina Feza, kule Kabondo, mama yake akitwanga pondu, yale majani ya muhogo, pembeni. Tukikosea hakugomba, mchi wake ulisimama tu, nasi tukajua ni kurudia. Kisha vita vikaja. Majeshi ya wageni yakagombania mji wetu kwa mabomu, na Feza akafa katika ua wa nyumba yao. Wimbo wake wa mwisho alikuwa ameutunga kwa ajili ya mama yake. Tangu hapo, redio ikiupiga, Mama Feza huizima. Ndiyo, hadi leo tunamwita Mama Feza. Jina la mama halizikwi pamoja na mtoto.

Mwaka jana kijana mmoja wa chuo kikuu, Trésor, akanijia na wazo lake: mchezo wa jukwaani utakaosimulia maisha ya Sauti Tatu kwa nyimbo zetu zilezile za zamani. Nilikubali, na tangu siku hiyo sikupata raha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Niliogopa kuiona ile siku tena, na zaidi niliogopa uso wa Mama Feza.

Onyesho la kwanza yeye hakuja, miguu ilikuwa inamsumbua. Ukumbi ulijaa. Watu waliimba pamoja na wachezaji, wengine wakasimama kucheza kati ya viti. Halafu ikafika siku ya mabomu. Trésor alikuwa ameficha ngoma kubwa nyuma ya pazia. Ilipopigwa, mzee mmoja wa mstari wa mbele alijitupa chini akafunika kichwa. Mama mmoja aliwakokota watoto wake mpaka mlangoni. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo, na sisi tuliumwa mji mzima.

Kesho yake Papa Antoine akazungumza. Huyu ni mtangazaji wa redio anayepima kila muziki na kila mchezo wa hapa mjini, na wasanii wanamwogopa kama radi. Alisema nyimbo ni dhahabu, lakini hadithi ni kamba tu, nyimbo zimeanikwa juu yake kama nguo. Akamaliza kwa kusema kwamba kupiga ngoma ile katika mji huu ni ukatili.

Basi simu zikawaka moto. Wengine walitusifu. Wengine walisema tunafanya biashara na maiti zetu, na tukithubutu kurudia watakuja na mawe. Trésor alifika kwangu midomo imemkauka, akasema afadhali tuache. Nikamjibu haraka, ndiyo, tuache. Nilitaka tu mahali pa kujificha.

Ndipo Mama Feza akatuma mtu aniite. Mwanangu, nimevuka mto huu kwa pirogi maji yakiwa yamefurika, lakini sijaogopa safari kama ile ya kwenda Kabondo.

"Banasema nini juu ya ule mchezo?" akaniuliza kabla sijaketi.

Nikamweleza yote, ya kamba, ya ngoma, ya mawe.

"Kamba ya nguo, bon, ile ni maneno ya mutu wa redio. Lakini ngoma muliweka ya nini?"

"Trésor alitaka watu basikie vile ilikuwa, Mama."

Akatazama uani.

"Mimi nilikuwa hapa. Bomu sikusikia. Nilikuwa ndani, Feza iko inje, anasafisha sahani, anaimba. Halafu wimbo ikakatika. Ni hiyo tu nilisikia." Akanigeukia. "Huyu mutu amewaambia kitu ya kweli, na nyinyi munakimbia sababu alisema kwa ukali? Zaina, wewe si mutoto tena. Toeni ngoma. Mimi nitakuja."

Alasiri ya onyesho la pili vijana fulani walisimama mlangoni, mikono nyuma. Sikujua wameshika nini. Mama Feza aliketi kando yangu, nami sikuthubutu kumtazama. Binti aliyecheza nafasi ya Feza alikaa jukwaani na beseni la sahani, akaanza ule wimbo. Katikati ya neno akakoma. Hakukuwa na ngoma. Ukumbi ulikuwa kimya hata tukasikia kengele za toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, kule barabarani. Mama Feza alinikamata kifundo cha mkono, akakibana mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Niliogopa atapiga yowe. Niliogopa mawe. Kimya kikazidi kurefuka. Nilipogeuza kichwa, mmoja wa wale vijana alikuwa amevua kofia, mikono yao yote mitupu.

Mwisho wa yote binti yule alishuka jukwaani. Mama Feza alimshika mashavu, machozi yakimtiririka, akasema polepole, "Feza alikuwa munene kuliko weye. Kula, mutoto."

Papa Antoine alirudi redioni. Alisema hadithi bado ni kamba ya nguo, ila kile kimya hana neno juu yake. Na kuhusu kamba pia nadhani anasema kweli. Trésor mpaka leo anaandika upya.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukitoa kazi yako mbele za watu, utasemwa. Usizibe masikio kwa hofu, wala usitupe kila kitu kwa sababu umechomwa. Pepeta maneno kama mchele: makapi yaache yaende na upepo, punje ya kweli iokote hata kama imetoka katika mkono mkali. Na ukigusa kidonda cha watu, mtafute kwanza mwenye kidonda umsikilize.

Mungu akupe moyo usiokimbia na sikio lisilochoka. Kazi ya mikono yako iwapoze watu, na kwenye ua wa mama yako wimbo usikatike.